Kuzuru Gadfield Elm: mwongozo kwa anayefuata nyayo za mababu Watakatifu wa mwanzo

Gadfield Elm ni kanisa dogo la chumba kimoja, lililojengwa mwaka 1836 huko mashambani, karibu na kijiji cha Pendock, Worcestershire, magharibi mwa Uingereza. Ukiacha Hekalu la Kirtland kule Ohio, hakuna nyumba ya mikutano ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho iliyobaki imesimama ambayo ni kongwe kuliko hii. Ndiyo maana watu wa Utah, jimbo la Marekani lenye makao makuu ya Kanisa hilo, ambao mababu zao walitoka pande hizi, wanapokuja Uingereza hawakubali kuondoka bila kufikishwa pale.

Ukoo wa mama mkwe wangu ni mmojawapo. Ndugu zake wanapokuja, kazi ya kuwapeleka inatuangukia sisi tunaoishi huku. Nimeandika haya kwa Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa katika koo za aina hii, kwa watoto wetu wenye asili mbili, na kwa waumini wa Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi wanaopita Uingereza na wangependa kupaona.

Niseme mapema: ukienda pale mikono mitupu utakaa dakika kumi, utapiga picha mbili tatu, utaondoka. Jengo ni dogo na halina mbwembwe. Ukienda na jina la mtu wako, kijiji chake na tarehe aliyobatizwa, utashinda hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanywa nyumbani kabla hujakata tiketi.

Hatua ya 1: Hakikisha babu yako alikuwa wa pande hizi

Si kila Mwingereza aliyehamia Utah alipitia Gadfield Elm. Wamisionari wa kwanza walitua Uingereza mwaka 1837 na kuanzia Preston, Lancashire. Tarehe 30 Julai mwaka huo watu tisa walibatizwa katika Mto Ribble. Kama mtu wako alibatizwa kati ya 1837 na 1839 na kwao ni Lancashire, mwongozo huu si wako. Nenda Preston, kwenye bustani ya Avenham kando ya mto.

Gadfield Elm ni ya waliobatizwa kuanzia Machi 1840, katika kona ambapo Herefordshire, Worcestershire na Gloucestershire zinapakana. Kisa chake kijue vizuri, maana wageni watakuuliza njiani.

Tarehe 1 Machi 1840, siku aliyotimiza miaka 33, Mtume Wilford Woodruff, mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa, alikuwa akihubiri Hanley, mji wa wafinyanzi huko Staffordshire. Akasema ameongozwa na Roho aende kusini. Muumini mmoja wa Hanley, William Benbow, alikuwa na kaka yake huko kusini, John, mkulima mwenye uwezo, akafuatana na Woodruff hadi kwake. Tarehe 4 Machi wakafika Hill Farm, Castle Frome, nyumbani kwa John na mkewe Jane. Pale Woodruff akakuta watu wanaomsubiri bila wao wenyewe kujua: kundi la watu wapatao 600 waliojitenga na Wamethodisti na kujiita United Brethren, chini ya uongozi wa Thomas Kington. Walikuwa na wahubiri wao zaidi ya arobaini, nyumba walizopewa kibali cha kuhubiria, na kanisa moja walilolijenga wenyewe. Kanisa hilo ndilo Gadfield Elm.

Ndani ya siku chache akina Benbow wakabatizwa kwenye bwawa la shamba lao. Woodruff ameeleza kwamba mchungaji wa parokia alimtuma konstebo aje kumkamata, na konstebo akaishia kuomba ubatizo. Wakatumwa makarani wawili kuja kupeleleza, nao wakabatizwa. Kington pia alijiunga, na karibu kundi lake zima likamfuata. Tarehe 14 Juni 1840 mkutano mkuu wa eneo ulifanyika Gadfield Elm, na humo matawi ya Kanisa yakapangwa rasmi. Katika mwaka mmoja hivi, watu wapatao 1,800 walikuwa wamebatizwa katika eneo lote.

Kisha wakaanza kuhama. Kanisa likauzwa ili kusaidia nauli za waliokwenda Nauvoo, Illinois, mji wa Watakatifu wa wakati huo kule Marekani. Miaka ikapita, paa likaanguka, zikabaki kuta. Katikati ya miaka ya 1990 waumini wa Uingereza walichanga, wakayanunua magofu na kuyakarabati. Mzee Jeffrey R. Holland, mmoja wa mitume wa Kanisa, aliliweka wakfu jengo hilo mwaka 2000, na mwaka 2004 likakabidhiwa Kanisa.

Hatua ya 2: Tafuta jina mpaka ulishike

Hapa usikimbie.

Anza na FamilySearch, tovuti ya Kanisa ya kutafutia koo. Kujiandikisha ni bure na si lazima uwe muumini. Panda ngazi za ukoo mpaka umfikie aliyezaliwa Uingereza. Usiamini kila kilichoandikwa pale, kwa sababu mti ule unahaririwa na yeyote. Bofya vyanzo. Kama mtu hana chanzo hata kimoja, mchukulie kama fununu tu.

Kisha nenda kwenye nyaraka za Wilford Woodruff, ambazo zimewekwa mtandaoni na zinasomeka bure. Huyu mzee alikuwa na tabia ambayo watafiti wa koo wanamshukuru nayo mpaka leo: aliandika shajara karibu kila siku, na mwaka 1840 aliweka orodha ya watu aliowabatiza, jina kwa jina. Tafuta kwa jina la ukoo. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana aliandika jinsi alivyosikia. Ukimkuta mtu wako humo, chapisha ukurasa huo. Ndio utakaokwenda nao.

Baada ya hapo, sensa ya Uingereza ya tarehe 6 Juni 1841. Sensa hii ina mtego wake. Umri wa watu waliovuka miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu: mwenye miaka 39 ameandikwa 35, mwenye 44 ameandikwa 40. Mama mkwe alikaa na karatasi ya sensa mezani jioni nzima, kidole kikiwa juu ya ile "35", akikataa kwamba huyo ni babu yake, kwa sababu rejista ya parokia ilimpa miaka 38. Alikuwa ni yeye. Mtego mwingine ni kwamba sensa ile haitaji kijiji alichozaliwa mtu. Inasema tu kama alizaliwa katika kaunti ile au la. Kijiji utakipata kwenye sensa ya 1851, lakini wengi wa watu wetu wakati huo walikuwa wameshavuka bahari.

Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo unategemea rejista za parokia za Kanisa la Anglikana, na hata waliokuja kuwa United Brethren wengi walibatizwa utotoni humo humo.

Angalia pia mipaka. Mwaka 1931 Redmarley D'Abitot na Staunton, vijiji viwili vya jirani, vilihamishwa kutoka Worcestershire kwenda Gloucestershire. Nyaraka za Utah zitasema kaunti moja na ramani ya leo itasema nyingine, na watu huhangaika wakidhani ni vijiji viwili tofauti. Ukitaka kushika karatasi zenyewe, kumbukumbu za Worcestershire ziko kwenye jengo la The Hive, Worcester. Gloucester na Hereford nao wana hifadhi zao. Weka miadi kwanza na ubebe kitambulisho.

Mwisho tafuta meli. Wengi waliondokea Liverpool, lakini mwaka 1841 wapo waliopandia Bristol, ambako ni karibu zaidi na vijiji hivi, na watu huwakosa kwa kuganda kwenye orodha za Liverpool tu. Chuo Kikuu cha Brigham Young kina hifadhidata ya bure ya abiria Watakatifu, yaani waumini wa Kanisa hili, pamoja na barua na kumbukumbu za waliosafiri nao. Hata kama babu yako hakuandika neno, huenda jirani yake wa chini ya sitaha aliandika.

Yote hayo yahamishie kwenye karatasi moja: jina, kijiji, tarehe ya ubatizo, nani alimbatiza, meli, mwaka. Karatasi kabisa, si simu, kwa sababu mtandao huko mashambani unasuasua.

Hatua ya 3: Chagua siku na uulize kama kumefunguliwa

Hakuna kiingilio. Jengo huhudumiwa na wamisionari, kwa kawaida wanandoa wazee, na saa za kufungua hubadilika kufuatana na msimu, hivyo angalia ukurasa rasmi wa maeneo ya kihistoria ya Kanisa katika wiki ile ile unayosafiri. Mkiwa kundi kubwa, kwa mfano kata (usharika) nzima ya Kanisa, toeni taarifa mapema.

Mimi napenda Mei au Juni. Mchana ni mrefu, miti ya matunda imechanua au ndiyo kwanza imemaliza, na ndiyo miezi ambayo baadhi ya mambo yenyewe yalitokea. Desemba giza linaanza kuingia hata saa kumi jioni haijatimia, na njia za shambani ni tope tupu. Mwezi wowote ule, beba koti la mvua na viatu visivyopitisha maji. Wageni wa Utah wamezoea ukavu, na wa Dar wamezoea joto. Wote watakushukuru kwa buti za mpira za akiba kwenye buti ya gari.

Hatua ya 4: Usafiri

Njia rahisi ni gari la kukodi. Barabara kuu ya karibu ni M50. Toka kwenye makutano namba 2, kisha fuata ramani hadi Pendock. Uendeshaji ni kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Kama dereva wenu amezoea Kongo, Rwanda au Burundi, mpeni mtu mwingine usukani, kwa sababu vichochoro vya huku si mahali pa kujifunzia. Ni vyembamba, vimebanwa na ua pande zote, na mkikutana na trekta lazima mmoja arudi nyuma hadi penye nafasi. Atakayerudi ni wewe. Nyanyua mkono kushukuru, upite.

Bila gari inawezekana pia. Treni za kutoka London Paddington kwenda Hereford hupita Worcester, Great Malvern na Ledbury. Shuka Ledbury au Great Malvern, chukua teksi, na mkubaliane na dereva saa ya kuja kuwachukua kabla hajaondoka. Usitegemee kuipata nyingine mkiwa katikati ya mashamba. Ledbury yenyewe inafaa kwa chakula cha mchana: mji mdogo wenye jumba la soko la mbao, jeusi kwa jeupe, lililosimama juu ya nguzo tangu karne ya 17.

Hatua ya 5: Panga vituo, Gadfield Elm iwe ya mwisho

Watu wengi hukimbilia kanisani kwanza. Mimi nashauri kinyume. Anzeni kilimani, teremkeni shambani, mmalizie kanisani, ili mkikaa kwenye mabenchi muwe mmeshaijua nchi ambayo wale watu waliiacha.

Kituo cha kwanza ni Herefordshire Beacon, ambacho wenyeji hukiita British Camp, katika vilima vya Malvern. Kina urefu wa mita 338, na juu yake kuna mahandaki ya ngome ya kale ya Enzi ya Chuma. Maegesho ya kulipia yako kando ya barabara ya A449, na njia ya kupandia ni nzuri. Mzee mwenye fimbo anaweza kupanda akipewa muda. Huko juu, tarehe 20 Mei 1840, mitume watatu, Brigham Young, Willard Richards na Woodruff, walisali na kukata shauri kwamba Kitabu cha Mormoni, ambacho ni maandiko matakatifu ya Kanisa, na kitabu cha nyimbo vichapishwe Uingereza. Fedha zilitoka kwa waongofu wapya: Benbow alitoa pauni 250, Kington 100. Toleo hilo la Kitabu cha Mormoni lilitoka Liverpool mwaka 1841. Mkiwa kileleni, fungua ramani na uwaonyeshe wageni vijiji vyao. Upande wa mashariki ni bonde la Severn, magharibi ni Herefordshire. Tarafa nzima ya Woodruff iko chini ya macho yenu.

Kituo cha pili ni Castle Frome. Hill Farm ni shamba linalolimwa, kwa hiyo ulizia ruhusa mapema kama unataka kufika bwawani. Usipite kwenye lango lisilo na kibao cha njia ya umma, usikanyage mazao, na kila lango uliache kama ulivyolikuta. Bwawa lenyewe ni dogo. Woodruff ameandika kwamba alitumia sehemu kubwa ya siku moja kulisafisha ili lifae kwa ubatizo, na ukilitazama utaelewa kwa nini.

Kisha ingieni kanisa la parokia, St Michael. Hapa watalii wa historia ya Kanisa wengi hawasimami, nami naona wanapoteza kitu kikubwa. Ndani kuna birika la ubatizo la mawe la karne ya 12, moja ya kazi bora za wachongaji wa Herefordshire wa zama zile. Limekalia migongo ya watu wa mawe waliojikunyata kama wapagazi waliolemewa. Ubavuni amechongwa Kristo amesimama majini, samaki wakimzunguka, mkono wa Mungu na njiwa vikiwa juu yake. Mtoto aliyezaliwa katika parokia hii mwaka 1800 aliletwa hapa. Kama mtu wako ni mmoja wao, basi maji ya kwanza yaliyomgusa yalitoka kwenye jiwe hili, na ya pili, akiwa mtu mzima, yalikuwa ya bwawa la mifugo hapo shambani. Simama kidogo. Mwambie mgeni wako aweke mkono ubavuni mwa birika, lakini asikae juu yake wala kuliegemea.

Makaburini tafuteni majina ya waliobaki. Si wote waliohama, na si wote waliohama walidumu katika imani. Kuna koo zilizogawanyika nusu kwa nusu, na mawe ya wazazi waliozikwa bila mtoto hata mmoja karibu.

Hatua ya 6: Ndani ya Gadfield Elm

Wamisionari watawakaribisha na kuwaeleza historia. Wasikilizeni, kisha toa karatasi yako. Waambie jina. Hawa wazee wamepokea wazao wengi wa ukoo mmoja mmoja, na mara nyingi watajua mwingine aliyepita na jina hilo hilo. Andika kitabuni mwa wageni jina la babu pamoja na lako.

Kisha ombeni nafasi ya kukaa kimya. Mtu mmoja, ikiwezekana mkubwa wa ukoo aliyepo, asome ile karatasi kwa sauti. Mkitaka kuimba, ulizeni, na kama hakuna wageni wengine kwa kawaida hakuna tatizo. Sisi huimba ubeti mmoja kwa Kiingereza na mmoja kwa Kiswahili, na mama mkwe sasa anaujua wa Kiswahili.

Watoto wetu wataangalia picha ukutani na kuuliza kama kulikuwa na watu weusi. Wajibu kweli. Waambie kwamba wakulima wa hapa hawakuwa na watu wa kwetu miongoni mwao. Waambie pia kwamba kuanzia 1852 hadi Juni 1978 Kanisa liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na waumini weusi, wanaume kwa wanawake, baraka kuu za hekaluni, na kwamba jambo hilo liliumiza watu halisi. Kenya ilitoa kibali rasmi kwa Kanisa mwaka 1991. Kinshasa ilipata hekalu mwaka 2019, Nairobi Mei 2025. Mtoto mwenye babu Castle Frome na bibi Morogoro anastahili kupewa yote hayo na mzazi wake, kabla hajayakuta mtandaoni peke yake.

Hatua ya 7: Ukirudi nyumbani

Ndani ya wiki hiyo hiyo, kabla hujasahau nani ni nani, pakia picha kwenye FamilySearch chini ya jina la babu husika. Kila picha iandike mahali, tarehe na parokia, na ambatanisha ukurasa wa Woodruff kama chanzo ili anayekuja asianze upya. Picha za watu walio hai ziache kwenye kikundi cha familia.

Na kama una watoto wa asili mbili, jioni hiyo mpigie simu bibi yao wa upande wa kwetu na urekodi. Huku karatasi za 1840 zitakuwepo hata mwakani. Kwetu rejista ni kumbukumbu ya mzee mmoja. Muulize majina ya wazazi wake, ya babu zake pande zote mbili, kijiji, ukoo, nani alihama na kwa nini, kisha andika jina la msemaji na tarehe mwanzoni mwa rekodi.